Mguu wa Mama Mkwe

Mkwe wangu alikuwa na mshipa kwenye paji la uso. Ulianzia kwenye nywele ukashuka mpaka katikati ya nyusi, na siku za kawaida ulilala, huuoni. Binti yangu ndiye aliyeniambia habari zake, siku aliyorudi nyumbani mara ya kwanza akiwa na sikio lililovimba mpaka shimo lake likaziba.

"Ukisimama ule, mama, naangalia kwanza watoto wako wapi," alisema. "Ukishasimama huna muda. Ni kuwasukumia watoto nje tu."

Sitaandika jina la mtu humu. Majina yote ninayo, ya walionizaa na ya niliowazika, na ya kila mtu aliyesimama uani kwangu siku ile, aliyeshika jiwe na aliyeshika kamba. Lakini wengine wako hai na tunasalimiana kisimani.

Tunakaa upande wa Nyakitonto, na binti yangu aliolewa mbali, Kumsenga, kule Kibondo. Mwaka ule wa elfu mbili na kumi na mbili mume wangu alikuwa bado hai. Kwetu mwanamke akipigwa akarudi kwao, hakuna anayemfuata mbio. Anaachwa akae, uvimbe ushuke, apone. Kisha mume anakuja mwenyewe na pombe ya ndizi, na ndugu zake wawili watatu, anaingia uani, anapiga goti, anapiga makofi, anaomba. Ni lazima aje mwenyewe. Hata akiwa mgonjwa atabebwa. Baba wa msichana anamsema mpaka ashibe, pombe inanywewa, mwanamke anafunga mzigo wake.

Mama mkwe hayupo hapo. Yuko ndani. Mkwe hatakiwi kumtazama mama mkwe wake, na mama mkwe hatakiwi kuonekana naye. Tukikutana njiani mimi naingia kwenye muhogo na yeye anageuza uso, tunasalimiana kwa makofi kila mtu akitazama kwake. Miguu ndiyo zaidi. Mkwe aliyeona magoti ya mama mkwe wake ni kama ameona kaburi limefunuka.

Kwa hiyo siku ile ya pombe nilimtazama kupitia ufa wa mlango. Ndiyo mara ya kwanza kumwona vizuri sura yake. Kijana mzuri, ana meno meupe. Alipiga makofi yake polepole, akisalimu "mwakeye, mwakeye," sauti laini kabisa. Mume wangu akamwambia, "Ng'ombe anapigwa akiwa ameingia shambani. Huyu aliingia shamba la nani?" Wazee wakacheka. Yeye akacheka pia, lakini nikauona mshipa ule. Ulijitokeza taratibu wakati anacheka, kama mnyoo unavyotembea chini ya udongo wenye maji.

Nilimwambia mume wangu baada ya wageni kuondoka. Akasema, "Mama, umeanza kupiga ramli kwenye mapaji ya watu?" Binti yangu alikuwa ameshaondoka nao.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa kwenda kulea. Mambo ya mishipa nimejifunza kwenye ng'ombe wa baba yangu na kwenye miguu yangu mwenyewe.

Ng'ombe kwanza. Zamani, maziwa yakipungua, baba alimtoa damu ng'ombe bila kumuua. Kamba ilifungwa shingoni, chini kabisa karibu na mabega, na kukazwa kwa kipimo: si sana hadi anyongeke, bali kiasi cha kuuamsha mshipa. Ukishafunga, unaona mshipa wa shingo unajaa hadi unakuwa mnene kuliko kidole gumba. Hapo mzee anapiga kimshale kidogo kilichofungwa kizibo cha mti ili kisizame, na damu inaruka ndani ya chungu. Nilishika vyungu vile nikiwa mtoto. Damu ya ng'ombe ni ya moto, na inanuka chuma. Chungu kikijaa baba alivuta fundo, kamba ikalegea, na damu ikakatika yenyewe. Anapaka udongo kidogo, ng'ombe anakwenda zake kula majani. Damu ile ilipikwa ikaganda, tukala. Siku hizi watu wa kanisani wanatapika ukiwaambia.

Miguu yangu sasa. Baada ya mimba ya tatu mishipa ilianza kutoka kwenye mguu wa kushoto. Ilianzia ndani ya kifundo, ikapanda kwenye shavu la mguu ikijikunja, ikapita pembeni mwa goti. Kila mimba iliongeza kona. Nikisimama shambani asubuhi nzima inajaa, ya kijani, unaweza kuibonyeza ikazama na kurudi. Nikilala na kuweka mguu juu ya gunia la maharage, inapotea. Karibu na kifundo ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na mshipa uko pale pale chini yake, hakuna nyama katikati. Wajukuu walipenda kufuata njia zake kwa kidole. "Bibi, huyu nyoka anakwenda wapi?" Nawaambia anakwenda kuwang'ata wasiochota maji.

Mume wangu alifariki. Binti alirudi tena, safari hii mkono hauinuki, na kutoka kiwiko mpaka kiganja damu imevilia chini ya ngozi, nyeusi, vidole vinne vya mtu vimechorwa pale. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikaa mahali pa kaka yake, akanywa pombe, akamrudisha binti.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nne, wakati wa kupiga maharage. Alifika na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hana mzigo wowote. Shingoni alikuwa na alama ya mkanda. Nilimpa uji, akashindwa kumeza. Akasema, sauti imekwama kooni, "Mama, nikirudishwa tena nitarudi nimebebwa."

Nikamwambia, "Hurudi."

"Shemeji yako atakubali pombe."

"Shemeji yangu na anywe. Wewe hurudi."

Nilisema hivyo lakini sikuwa na njia. Mwanaume akija na pombe, na wazee, na makofi yake, nani atamkatalia? Mimi mwanamke wa ndani ya mlango? Nilikaa nikiwaza hilo, na kwa kweli sikuwaza kwamba atakuja mikono mitupu.

Hakuja mikono mitupu. Alikuja na panga. Hakuleta ndugu, hakuleta pombe, alishuka kwenye pikipiki barabarani akamwambia dereva asubiri. Jua lilikuwa juu. Mimi nilikuwa uani napepeta maharage, nikamwona anaruka ua badala ya kupita langoni. Na kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, nilimwona mkwe wangu uso kwa uso bila ufa wa mlango katikati. Mshipa ulikuwa umesimama wote. Ulikuwa unadunda.

Niliacha ungo. Nilimsukumia binti yangu ndani na watoto wake, nikavuta mlango, nikakaa chini kizingitini, mgongo kwenye mbao, nikanyoosha miguu yote miwili mbele. Sikuwa na nguvu za kupigana na mwanaume yule. Nilikuwa na miguu. Nikapandisha kanga mpaka juu ya magoti.

Alisimama kama aliyegonga ukuta. Akageuza uso upande wa mgomba.

"Mama," alisema, akitazama mgomba. "Toka hapo. Nimekuja kuchukua mke wangu."

"Mchukue, mwanangu. Mlango ndio huu. Ruka."

"Mama, funika miguu yako!"

"Nifunike nini? Mbona hukufunika shingo ya binti yangu? Njoo utazame. Huu wa kijani nilipewa na mimba yake yeye. Njoo uuguse, si unapenda mishipa?"

"Mama, nakuheshimu!"

"Heshima gani ya panga? Uliona wapi mtu anakuja kuomba mke na panga? Pombe iko wapi? Umeinywa njiani?"

Ndani, watoto walikuwa wanalia. Akaanza kupiga mlango juu ya kichwa changu. Alipiga huku uso ameugeuza. Hiyo ndiyo habari yote. Mila ilikuwa bado imemshika shingo. Alikuwa tayari kumuua mke wake, lakini hakuweza kutazama magoti yangu. Panga la kwanza lilikata ubao, vipande vikaniangukia kichwani. La pili likapiga bawaba. Mtoto mdogo akapiga kelele kama ya mbuzi. La tatu likateleza kwenye chuma, likashuka.

Sijui kama alinikusudia. Ni ncha tu iliyonigusa, pale ndani ya kifundo, kwenye ganda la kitunguu. Sikusikia maumivu zaidi ya mwiba. Kisha damu ikaruka. Ilikuwa nyeusi nyeusi, ilitoka kwa upinde, ikampiga kwenye suruali kuanzia goti mpaka kiunoni.

Hapo akatazama. Aliona damu, akaona miguu, akaona suruali yake. Panga lilimtoka mkononi. Alisema neno moja tu, "Mawe," kama mtoto anavyomwita mama yake kwa lugha yetu, akakimbia kuelekea kwenye muhogo.

Jirani wa kike alikuwa ameshapiga yowe. Wakati wa maharage watu wako karibu, kila shamba lina watu wenye fimbo mikononi. Walimkuta kwenye muhogo hajafika hata barabarani. Dereva wa pikipiki aliwasha akaondoka zake. Nilisikia fimbo ya kwanza ikimpata, mlio kama wa kupiga maharage makavu, halafu nyingine, halafu zikawa hazihesabiki. Walimburuta mpaka uani kwangu, mbele yangu, ili nione.

"Fahali wa Kumsenga! Leo umechinja mama mkwe!"

"Mgeuzeni uso, amtazame sasa! Si alikuwa anaona aibu?"

"Mvueni viatu, huko aendako hawavai!"

Jirani yangu mzee, mtu wa rika la marehemu mume wangu, ndiye aliyenikimbilia mimi. Alifungua kamba iliyokuwa kwenye mti wa mbuzi, akanifunga paja juu ya goti, haraka, kwa mikono inayojua kazi. Akanikalisha vizuri nimeegemea mlango, mguu umening'inia chini ya kizingiti. "Tulia, shemeji. Tumekamata damu."

Damu haikukamatika. Iliongezeka. Ilikuwa inaruka, sasa ikawa inamiminika, inajaa kwenye udongo, inazunguka maharage yaliyomwagika mpaka yanaelea. Mzee akasema, "Yewe, huyu amekatwa vibaya," na watu wakanitazama.

Na kila aliyenitazama mimi aligeuka kumpiga yeye. Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Damu yangu ikizidi, fimbo zinazidi. Mtu mmoja alimpiga jiwe la mdomo, yale meno meupe nikayaona chini. Mwingine, kijana wa dukani, akasema kwa sauti, "Bibi akikata roho tu, petroli ninayo." Akaenda kweli kuichukua, akarudi na chupa, akasimama nayo, ananitazama mimi kama mtu anayetazama chungu kama kimechemka.

Binti yangu alikuwa ametoka ndani. Alisimama katikati yetu, mama yake huku, mume wake kule, na hakuwa akilia. Niliona macho yake yanavyokwenda na kurudi.

Mimi usingizi ulikuwa unanijia. Midomo baridi. Nikatazama lile fundo kwenye paja langu, na nikalijua. Lilikuwa fundo la baba yangu. Fundo linalovutika kwa mara moja. Na ukazaji wake ulikuwa ule ule, si wa kunyonga bali wa kuuamsha mshipa. Yule mzee ujana wake wote alikuwa akitoa damu ng'ombe. Mikono yake ilijua kamba moja na kipimo kimoja, na kwa haraka ile ilinifanyia ilichokijua. Mshipa wote chini ya kamba ulikuwa umejaa, mnene, unang'aa. Nilikuwa ng'ombe na udongo ndio chungu.

"Fungua kamba," nikasema.

"Anapayuka," mzee akasema. "Damu imemwishia." Akataka kuikaza zaidi.

"Mwanangu. Fungua kamba. Nimefungwa kama ng'ombe."

Binti yangu hajawahi kuona ng'ombe akitolewa damu, lakini hadithi ile niliwasimulia tangu wadogo, na chungu, na kimshale, na jinsi damu inavyokatika babu yao akivuta fundo. Aliitazama kamba. Akaliokota panga la mume wake.

"Ukikata anakufa!" mzee akamkemea.

"Babu, hii ni ya shingo ya ng'ombe," akasema. Akakata.

Kisha akanilaza chali, akauweka mguu wangu begani kwake, juu, uchi mbele ya watu wote, akabonyeza tundu lile kwa kidole gumba. Sikuona tena damu. Niliona shingo yake, kando ya mguu wangu, alama ya mkanda, na chini ya alama mshipa wake wa shingo unapiga. Alikaa hivyo, amebonyeza, na uani watu walinyamaza kidogo kidogo, kuanzia walio karibu.

"Inatoka?" mtu akauliza.

"Haitoki."

"Anapumua?"

Mzee alikuwa amechuchumaa anatazama mikono yake. Wa chupa alikuwa bado na chupa.

"Mama," binti yangu akasema taratibu, nisikie mimi tu. "Wanangoja wewe. Sema neno."

Nilimtazama yule mwanaume. Alikuwa amelala ubavu, jicho moja limefumba, na paji la uso limechanika vibaya, nyama imefunuka, damu inamtiririka puani. Ningenyamaza tu. Sikuwa na haja ya kusema lolote. Kunyamaza kungetosha, na binti yangu asingerudishwa kwa mtu yeyote. Nililijua hilo, na binti yangu alilijua, na kidole chake hakikutikisika.

"Maji," nikasema, kwa sauti kadiri nilivyoweza. "Nipeni maji. Na huyo mpeni kamba yangu, mfungeni mpelekeni ofisi ya kijiji."

Mwanamke mmoja akacheka, kicheko cha woga. "Bibi ameagiza! Mleteeni maji, na mkwe mleteeni kamba!" Wakamfunga kwa ile ile, imelowa. Bado walimpiga njiani, nilisikia. Lakini petroli ilirudi dukani.

Kwenye zahanati, muuguzi aliponisafisha jeraha alishangaa udogo wake. "Hili tu, bibi? Na kijiji kizima kiko nje?" Ndiye aliyenieleza, huku akifunga bandeji, kwamba mishipa hii ya juu juu kazi yake ni kurudisha damu kutoka miguuni kwenda moyoni, kwamba ndani yake mna vilango vidogo vinavyozuia damu isishuke, na vyangu vimelegea, ndiyo maana damu inalala chini na mshipa unajikunja. "Ukifunga kamba hapa juu kwa kulegea, damu ya kushuka inapita kwa mishipa ya ndani, lakini ya kurudi inazuiwa. Inatokea tunduni. Ingekuwa siku nyingine, bibi, lala, inua mguu, bonyeza. Basi." Nikamwambia hakutakuwa na siku nyingine. Akasema, "Huijui mishipa hii."

Mkwe wangu alipelekwa Kasulu, akakaa ndani, akatoka. Mwaka uliofuata walikuja kumdai binti yangu. Walikuja sawasawa: wazee wa Kumsenga, pombe ya ndizi imefungwa majani mdomoni, makofi, salamu ndefu. Mimi nilikuwa ndani ya mlango, mahali pangu. Ule mlango ulikuwa na ubao mpya mmoja, lakini ufa niliuacha.

"Tumemfuata mke wetu," mzee wao akasema. "Kijana ameumia, ameadhibiwa, amejuta."

Shemeji yangu alitazama ile pombe muda mrefu. Ninamjua, anapenda pombe. Akasema, "Yuko wapi mwenyewe?"

"Yuko barabarani."

"Aingie basi apige goti. Hatuombi kwa mdomo wa mtu mwingine."

Wote walikuwa wanakitazama kizingiti. Kuna doa pale ambalo halikutoka, nimelisugua mara nyingi. Mwanaume aliyemwaga damu ya mama mkwe wake hakanyagi tena uani kwake, hata kwa msiba. Hilo wanalijua Kumsenga kama tunavyolijua sisi, na hakuna pombe inayolisafisha. Na asipoingia mwenyewe, hakuna aliyeomba mke.

"Labda aombe kutoka kule nje," mzee wao akajaribu.

"Aupigie makofi mgomba?" shemeji yangu akauliza. Halafu nikasikia sauti yake imebadilika, imekuwa kama ya marehemu kaka yake. "Bebeni pombe yenu."

Nikausogeza mlango kidogo, nikautoa mguu wangu wa kushoto nje, mpaka kwenye kifundo, kwenye kovu. Wale wazee wakageuza nyuso zao haraka wakachukua chungu chao.

Barabara inapita karibu na ua wetu. Kupitia ufa nilimwona amesimama pale, anawaona wanarudi na chungu hakijafunguliwa. Kovu limekata paji lake kwa mlalo, lakini mshipa umetafuta njia pembeni, umepanda tena. Ulikuwa umesimama wote.

Binti yangu alikuwa nyuma yangu, naye anachungulia juu ya bega langu. Aliuona. Nilihisi pumzi yake imesimama, kisha ikatoka. Watoto walikuwa uani wanacheza. Hakuwaita. Alirudi kwenye ungo wake akaendelea kuchambua maharage.